Mapigo ya Chumba cha Saba

Tetemeko lilimkuta Tusekile Mwambipile akimimina chai. Kikombe kilihama chenyewe juu ya meza, kikafika ukingoni, kikasimama. Taa za ofisi zikapepesa, zikatulia. Halafu likaja la pili, fupi na zito, kama gunia la mawe lililoangushwa kwenye ghorofa ya chini. Lakini jengo lile halikuwa na ghorofa ya chini. Chini yake kulikuwa na mlima tu, na ndani ya mlima kulikuwa na watu.

Aliweka chupa ya chai sakafuni, akakimbilia kiti chake. Mbele yake palikuwa na skrini mbili. Ya kushoto ilionyesha Dirisha, ukurasa ambao kila mke na kila mzazi wa mchimba joto aliufungua kwenye simu yake kabla hata ya kunawa uso. Ya kulia ilionyesha seva, mahali majibu kutoka chini yanapofikia kabla ya kupelekwa kwa mtu yeyote.

Dirisha lilikuwa shwari. Chumba cha saba, watu watano, wote wanapumua vizuri. Ambakisye, mapigo sitini na nane. Wenzake hivyo hivyo, huyu juu kidogo, yule chini kidogo, kama watu waliokaa kula.

Seva ilikuwa kimya. Tangu tetemeko la pili, kutoka chumba cha saba hakikuwa kimefika kitu chochote.

Redio haipenyi mwamba, na nyaya huyeyuka kule ambako maji huchemka yenyewe na kuwasha taa za miji mpaka ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo kila chumba kilipewa mashine ambayo wachimbaji waliiita nyundo. Nyundo ilisoma mapigo ya moyo kwenye mkanda wa kila mtu, ikayagonga ukutani kwa mitetemo midogo, na mitetemo hiyo ikapanda ndani ya jiwe mpaka kwenye masikio ya chuma yaliyofukiwa mabondeni. Lakini jiwe si barabara. Mtetemo mmoja ulifika upesi, mwingine ulizunguka mlima mzima, mwingine ulipotea, na nyundo ikaendelea kuurudia mpaka usikike. Majibu yalikuja yalivyotaka. Mara nyingine ya jana yalifika baada ya ya leo. Kazi ya Tusekile ilikuwa kuchukua vurugu hiyo na kuitengenezea ukurasa ambao mama mwenye mtoto mgongoni angeutazama mara moja na kuuelewa.

Hapo mwanzo ukurasa ulisema kweli. Pale ambapo jibu halijafika, jina liligeuka kijivu na chini yake kukaandikwa neno moja: Bado. Watu hawakuliweza neno hilo. Kila zamu iliposhuka, wanawake walijaa langoni wakiwa wamekumbatia simu zao. Siku moja binti mjamzito alianguka pale kwenye uzio, na mimba ikatoka. Mumewe wakati huo alikuwa chini anakunywa uji, hana hata mafua.

"Mtu hawezi kuishi na neno bado," mkurugenzi, Bwana Rwehumbiza, alimwambia Tusekile baada ya hapo. "Tafuta njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa kadirio. Tusekile aliifundisha programu moyo wa kila mtu, jinsi unavyodunda akipanda ngazi, akiinua chuma, akilala. Jibu lilipochelewa, programu iliziba pengo kwa mapigo ambayo mtu huyo angetakiwa kuwa nayo, na jibu la kweli lilipofika, lilichukua nafasi yake kimya kimya. Mwanzoni aliweka alama ndogo kutofautisha kadirio na jibu. Rwehumbiza akaiona. "Hiyo ni bado ile ile," alisema, "umeivalisha tu nguo nyingine." Wakabishana alasiri nzima, kisha Tusekile akaifuta.

Wanawake wakaacha kuja langoni. Sokoni walimwongezea ndizi bila yeye kuomba, wakamwita Mama Dirisha. Naye, kusema kweli, jina hilo alilipenda.

*

Rwehumbiza aliingia bila kubisha hodi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Nani wako hewani?" aliuliza.

"Chumba cha tatu, Lwitiko na Mzee Kajange. Nyundo yao inagonga. Wana hali mbaya, lakini inagonga. Saba hakuna kitu."

Mkurugenzi alitazama skrini ya kushoto. "Hapa wapo."

"Hapo ni kadirio, bosi. Programu haijui kama mlima umetikisika. Inawaonyesha kama ilivyowazoea." Tayari mkono wake ulikuwa kwenye kibodi. "Nalizima."

"Subiri." Alimshika kiganja, kisha akakiachia haraka, kama aliyeona aibu. "Nenda dirishani kwanza."

Alikwenda. Langoni watu walikuwa wameanza kukusanyika chini ya mvua ya rasharasha, wengine wamekuja bila viatu. Lakini hawakupiga kelele. Walisimama kimakundi wakitazama simu. Katikati yao Tusekile alimtambua Mama Ipyana, mke wa Ambakisye, mwanamke mrefu aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma karibu na kituo cha polisi. Alikuwa ameinua simu yake juu ili wenzake waone, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Tusekile hakuhitaji kusikia. Alikuwa akiwasomea namba.

"Mtambo wa kutoboa unapanda sasa hivi," Rwehumbiza alisema nyuma yake.  "Lazima upite lango lile. Ukizima sasa, watu wale watalivunja, watalala mbele ya magurudumu. Nipe muda mtambo upite tu. Nakuomba, Tusekile."

Lilikuwa ombi la mtu mwenye akili, na mtambo ulikuwa mmoja tu. Akampa. Mtambo ulipopita, Rwehumbiza akaomba mpaka ufungwe mahali pake. Hilo nalo akampa. Akakaa katikati ya skrini mbili, moja inasema watu watano wazima, nyingine haisemi neno.

Kwenye redio ya waokoaji alisikia sauti ya Kapteni Nsajigwa, mwanajeshi mstaafu aliyeongoza kikosi.

"Tunaanzia saba. Narudia, saba. Wako watano na wana nguvu. Tatu wako wawili, mapigo yanashuka, hao hatutawawahi."

 Tusekile alikuwa amedhani kikosi kinasoma seva. Hakuna aliyewapa seva. Walikuwa wameomba taarifa langoni, na mlinzi, kwa nia njema kabisa, akawapa kile ambacho kila mtu alikuwa nacho. Kapteni alikuwa ameshika Dirisha mkononi, analinganisha watu na makisio ya watu. Na makisio yalikuwa na afya nzuri, kwa sababu yalifundishwa siku za afya. Waliokuwa wakifa kweli ndio walioonekana hawana maana ya kufuatwa.

Alipiga redio. Kikosi hakikumjibu, maana mtambo ulikuwa umeshaanza kunguruma. Akabeba tableti yake, akatoka mbio kwenye mvua, akamkuta kijana wa bodaboda wa kampuni, akapanda.

*

Juu mteremkoni kelele ilikuwa ya kuziba masikio. Mtambo ulikuwa umeuma mwamba tayari, matope ya moto yakiruka pembeni. Kapteni Nsajigwa alikuwa mtu mfupi, mpole wa macho. Aliposikia jina lake likiitwa aligeuka na kuinamisha kichwa ili asikie vizuri.

"Afande, namba za chumba cha saba si za kweli," Tusekile alisema mdomo ukiwa karibu na sikio lake. "Ni programu inakisia. Mimi ndiye niliyeiandika. Tatu ndio wanaosikika kweli. Hamisha mtambo."

"Inakisia?" Kapteni alitazama kifaa chake, akamtazama yeye. "Binti, hapa naona mtu anapumua."

"Unaona nilichokuandikia uone."

Kapteni aliutazama mtambo. Mvua ilikuwa ikichuruzika kwenye ukingo wa kofia yake. "Kung'oa huu na kuufunga upande wa pili ni kazi kubwa. Nikifanya hivyo sirudi tena hapa leo. Kwa hiyo niambie jambo moja. Hao watano wamekufa?"

Jibu lilikuwa moja tu, na Tusekile alilijua. Hakujua. Nyundo ya saba ilikuwa imenyamaza, na kunyamaza kwa nyundo ni kunyamaza kwa nyundo. Lakini alikuwa amemfahamu Kapteni kwa muda ule mfupi, akaona kwamba akisema sijui, mtu huyu mwenye huruma atabaki na watano. Sijui isingeweza kuhamisha mtambo. Na kwenye tableti yake mapigo ya Lwitiko yalikuwa yanashuka, yale ya kweli, yaliyogongwa na jiwe.

"Wamekufa," alisema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kapteni alifumba macho kwa kitambo kidogo, kisha akainua mkono na kuuzungusha hewani. Mtambo ukanyamaza.

Katika ukimya ule Tusekile alizima kadirio. Hakumwomba mtu ruhusa. Kwenye tableti majina matano yakageuka kijivu kwa pamoja. Hakuwahi kufikiri kwamba jambo alilolifanya kwenye skrini linaweza kusikika, lakini lilisikika. Kilio kilipanda kutoka langoni, kwanza cha mtu mmoja, kisha cha wengi.

*

Kabla jua halijazama walimtoa Lwitiko akiwa hai, mguu wake mmoja umesagika. Mzee Kajange walimkuta ameegemea ukuta, mwili bado una joto, lakini chini kule kila kitu kina joto, na daktari alisema alikuwa ameshakwenda.

Tusekile aliposhuka, Mama Ipyana alikuwa amesimama peke yake kando ya lango. Wenzake walikuwa wamekaa chini kwenye matope. Yeye alisimama, simu mkononi.

"Alikuwa anapumua," alisema. Hakupandisha sauti. "Sitini na nane. Nilikuwa namtazama. Halafu wewe ukamzima."

"Mama Ipyana, ile haikuwa..."

"Nimeambiwa ni wewe. Ulikwenda kule juu ukamwambia yule mzee ahame. Ukambonyeza mume wangu, akazimika kama taa."

Tusekile alitaka kueleza habari ya kadirio, ya nyundo, ya jiwe. Alikuwa na maneno yote. Alipomtazama mwanamke yule usoni akaona kwamba kila neno lingeanzia mahali pamoja: nilikudanganya kwa mwaka mzima, kwa faida yako. Akapita.

Tusekile aliandika kwenye Dirisha kwamba wote watano walikoma na tetemeko, na kampuni ikafunga chumba cha saba kwa zege. Hakukuwa na miili. Ibada ilifanyika mteremkoni, na kila familia ikazika ilichokuwa nacho. Mama Ipyana alizika suti ya mumewe ya kuendea kanisani na viatu vyake vya kazi vya akiba. Wiki hiyo hiyo mke wa Lwitiko alifika kwa Tusekile na mkungu mzima wa ndizi kichwani, akautua, akapiga magoti uani kama desturi ya kwao inavyotaka, akasema, "Ndaga fijo, asante sana, dada. Umenirudishia baba wa watoto." Tusekile alimwinua. Ndizi zile ziliivia jikoni mpaka zikaanza kuvuja.

*

Matanga yalikuwa yameshaanuliwa wakati seva ilipoanza kupokea kutoka chumba cha saba.

Mwanzoni Tusekile alidhani ni hitilafu. Kisha akaelewa. Ile nyundo haikuwa imevunjika. Ilikuwa imefunikwa. Ilikuwa imehifadhi kila pigo ambalo halikupokelewa, ikalirudia na kulirudia kwenye kifusi mpaka betri ilipokaribia kuisha. Sasa mlima ulikuwa umetulia, maji yameingia kwenye nyufa, na mitetemo iliyokuwa ikihangaika ndani ya jiwe ilikuwa inapata njia. Ilifika bila mpangilio, ya mwisho kabla ya ya kwanza. Akaipanga kwa saa ambayo kila pigo lilipigwa, si saa ambayo lilifika.

Watu wanne walikoma na tetemeko la pili. Wa tano hakukoma.

Moyo wa Ambakisye ulidunda kwa kasi na kwa unyonge baada ya tetemeko. Ulidunda wakati Rwehumbiza anaomba muda. Ulidunda wakati mtambo unauma mwamba juu yake, na hapo ulipanda, bila shaka kwa sababu aliusikia. Tusekile alitafuta ile dakika aliyosema nina uhakika. Ilikuwepo. Mapigo mia na nne. Baada ya hapo mtambo ulinyamaza na mapigo yakashuka polepole, hayakurudi kupanda. Yaliendelea mpaka kesho yake adhuhuri, wakati Lwitiko tayari yuko hospitali anakunywa supu.

Alipiga simu. Rwehumbiza alikuja, akasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Nimezuia yasiende kwenye Dirisha."

"Basi yazuie." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Si kwa ajili ya kampuni. Unaweza usiniamini, lakini si kwa ajili ya kampuni. Mwanamke yule amezika. Ukimwonyesha hii unamfukulia maiti. Na mke wa Lwitiko utamwambia nini? Kwamba mumewe amekaa mahali pa mwenzake?"

"Nitamwambia kilichotokea."

"Ulichagua sawa, Tusekile. Kwa ulichokuwa unakijua siku ile, ulichagua sawa."

"Sikuwa najua kitu. Hilo ndilo sikulisema." Alitazama mikono yake. "Wewe uliziba pengo kwa kusema wazima. Mimi nikaliziba kwa kusema wafu. Sote wawili tuliona aibu kulitazama likiwa wazi."

Rwehumbiza aliinuka. Alipofika mlangoni alisema, "Ukiiweka, sitaweza kukulinda." Tusekile akamwamini. Alikuwa mtu wa kusema mambo hayo kwa huzuni na kuyatekeleza kwa huzuni.

*

Mama Ipyana alikuwa amehamia chumba kimoja barabara ya kwenda Kiwira, mlango unaangalia mashamba ya chai. Tusekile alimkuta anapukuchua mahindi kwenye beseni. Alimsalimu. Mwanamke aliitika salamu, kwa sababu salamu huitikiwa, akamwonyesha kigoda kwa kidevu.

Tusekile alimweleza yote, safari hii akianzia pale alipopaswa kuanzia. Alimweleza kadirio ni nini na kwa nini aliliweka. Alimweleza kwamba sitini na nane ile haikuwa ya Ambakisye. Kisha akamweleza kwamba Ambakisye alikuwa hai kweli, wakati ule ule, na kwamba yeye Tusekile alisema amekufa bila kujua. Hakulia, kwa sababu aliona hana haki ya kulia kwenye nyumba ile. Alipomaliza aliweka tableti juu ya magunia, skrini ikitazama juu.

Mikono ya Mama Ipyana haikuacha kupukuchua. Baada ya muda mrefu aliinama, akatazama.

"Hizi ndizo za kweli?"

"Ndizo."

"Na zile za siku ile?"

"Zile zilikuwa makisio."

"Siku ile nazo mlisema za kweli." Aliokota punje iliyoangukia nje ya beseni, akairudisha. "Halafu ukasema amekufa, nayo ikawa ya kweli, na mtambo ukahama. Leo umekuja na hii. Mbona zinafanana? Namba na namba. Nitajuaje?"

 Tusekile alikuwa na saa za mapigo, alikuwa na mpangilio wa mitetemo, alikuwa na vitu ambavyo mhandisi yeyote angevikubali. Akatazama skrini kwa macho ya mwanamke yule, akaona namba juu ya mandhari nyeupe, safi, kwa herufi zile zile alizozichagua mwenyewe kwa sababu zinatuliza moyo.

"Huwezi kujua," alisema.

Mama Ipyana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetarajia hivyo. Alitoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, akaifungua, akamgeuzia. Alikuwa ameipiga picha skrini siku ile, kabla ya kijivu. Ambakisye, sitini na nane.

"Huyu wangu anapumua vizuri," alisema. "Hana haraka. Huyo wako anahangaika mpaka kesho yake, peke yake, anasikia watu wanamwondokea juu. Unataka nimchukue huyo?"

"Sitaki. Lakini ndiye yeye."

"Mimi mume wangu nimemzika mara mbili. Mara ya kwanza langoni, mara ya pili kule mteremkoni na suti yake. Huyo wa tatu kampelekee mwenye kampuni." Akasukuma tableti kwa kiwiko, mikono yake ikiwa na vumbi la mahindi. "Nenda, dada. Mvua inakuja."

Tusekile aliichukua tableti, akatoka. Alisimama barabarani, mashamba ya chai yakiwa yametanda mbele yake, kijani kitupu. Angeweza kuondoka, akaiacha ile picha iwe neno la mwisho. Ingekuwa huruma. Lakini Dirisha bado lilikuwa likisema kwamba chumba cha saba kilikoma na tetemeko, wote watano, na maneno hayo alikuwa ameyaandika yeye. Kila siku ambayo yangebaki pale angekuwa anamwambia Kapteni tena kwamba ana uhakika. Alisimama mpaka matone ya kwanza yakaanza kupiga kwenye skrini, akijua kwamba mwanamke yule amemkatalia, na kwamba anachotaka kufanya kitamfikia hata hivyo. Hakupata njia ambayo haikuumiza mtu. Akaondoa kizuizi, mapigo yale yakaenda kwenye Dirisha.

Nyuma yake, ndani ya chumba, alisikia simu ikilia, ule mlio mwembamba ambao Dirisha hutoa jibu linapofika. Sauti ya punje zikidondoka kwenye beseni ikakoma. Alingoja bila kugeuka. Kisha akasikia nyayo zikija mpaka mlangoni, na komeo likasukumwa kwa ndani.